Kukaribishwa Mara ya Pili

Watu wa Timbwani, mtaa wetu huu wa kivukoni, hawaamini kazi isiyotoa jasho. Mtu akiamka, akaoga, akavaa blauzi ya kanisani juu na kanga chini, kisha akajifungia chumbani na laptopu, kwao huyo ameshindwa na maisha na anaficha haya. Ndivyo walivyomwona Mbeyu binti Dorcas miezi ile ya mwanzo. Jirani akipita uani huuliza, Mbeyu yuko wapi? Mamake hujibu, yuko kazini. Jirani hutazama mlango uliofungwa, hutazama na ndara za Mbeyu pale kizingitini, kisha huguna. Kazi gani hiyo ya kwenda bila viatu?

Basi ilikuwa kazi, tena kazi hasa. Wasomi huiita uanagenzi. Vijana wenyewe husema intanshipu. Kampuni iko Nairobi, na shughuli yake ni kutunga ujumbe ambao mahospitali huwatumia wagonjwa kwenye simu: njoo kliniki siku fulani, usisahau dawa, mlete mtoto achanjwe. Mbeyu alikuwa amemaliza chuo, amekaa nyumbani akiomba kazi mpaka amechoka kuomba, ndipo akaiona nafasi hiyo mtandaoni. Walitaka mtu wa Kiswahili, afanyie kazi popote alipo. Wakamchukua yeye na vijana wengine wachache, kila mmoja kwao, wasijuane ila kwa sura za kwenye kioo. Na tangu siku ya kwanza waliambiwa waziwazi kwamba muda ukiisha ataajiriwa mmoja. Mmoja tu.

Mbeyu aliitaka nafasi hiyo, jamani. Aliitaka hadi inamkosesha hamu ya kula, kwa sababu upande wa pili ulikuwa Uarabuni. Dadake Mweri yuko Dammam miaka mingi sasa, analea watoto wa watu, na mwanawe mwenyewe analelewa Ganze na babu yake. Mweri alikuwa ameshamtafutia Mbeyu nyumba ya kufanyia kazi huko huko, paspoti imeshatoka, kilichobaki ni neno lake. Mbeyu akamwomba amwache amalize intanshipu: akiajiriwa haendi, asipoajiriwa atakwenda. Mweri akasema haya, lakini hao matajiri hawatamngoja mpaka kiama. Mama yao Dorcas, muuza mahamri na mbaazi karibu na kivuko, hakuligusa jambo hilo mchana. Jioni akiomba ndipo lilipomtoka. Bwana, husema, mmoja ulishamchukua ng'ambo, huyu niachie.

Na kazi aliijua. Hapo sitanii. Jumbe zilikuwa zikimjia zimeandikwa Kiswahili cha polisi wa trafiki. "Unatakiwa kufika kliniki tarehe iliyotajwa bila kukosa." Mbeyu husoma, hucheka peke yake, akajiuliza ni mja mzito gani atakayeamrishwa hivyo na simu yake mwenyewe halafu ainuke kitandani. Akaanza kuandika upya: "Habari ya asubuhi, mama. Muuguzi anakungoja kliniki Jumatano. Ukipata dharura, tuambie tukupangie siku nyingine." Wagonjwa wakaanza kujibu. Mama mmoja wa Changamwe aliijibu ile mashine, "Ahsante mwanangu, nitakuja, nisalimie nyumbani." Jael, msimamizi wao, alimpigia simu akamwambia kuwa tangu aandike yeye, watu wanaokosa kliniki wamepungua, na kwamba hata wakubwa wameanza kuuliza kulikoni.

Huyu Jael ni mwanamke wa Bungoma anayeishi Nairobi, mwenye sweta mchana kutwa na maneno ya haraka. Hazunguki. Akitaka maji husema nataka maji. Lakini roho yake safi, na Mbeyu alimpenda.

Shida ilikuwa mikutano. Kila asubuhi walikutana kwenye video, kila mmoja aseme jana amefanya nini na leo anafanya nini. Wenzake walikuwa wakisema, tena wakijimwaga. Mbeyu alifunga kamera kwa sababu nyuma yake palining'inia chandarua na nguo za kufua. Maikrofoni nayo aliifunga kwa sababu ya jogoo wa jirani, honi ya feri, na wateja wa mamake waliokuja kudai mbaazi hadi mlangoni. Hizo ndizo sababu alizozitoa. Lakini tuambizane ukweli: hata angekuwa kwenye chumba cha kuta nyeupe kisicho na nzi, Mbeyu asingesema. Hakulelewa hivyo.

Dorcas alitoka Ganze akiwa msichana, akafanya kazi ya nyumba kwa jamaa moja ya Waswahili wa kale kule Kibokoni. Mpaka anaolewa alikuwa ameshakuwa na adabu kuwashinda wenyewe. Kwake mtoto hasemi mbele ya wakubwa mpaka aulizwe. Akiitwa haitiki "nini" wala "eeh". Huitika "abee". Siku ya kwanza kabisa, Jael alipoita majina na kufika kwake, Mbeyu aliitika hivyo, abee, kwa sauti nyororo kabisa, na mkutano mzima ukaangua kicheko. Kijana mmoja wa Nairobi, Ronny, akauliza kama kampuni imeajiri shosho, yaani bibi kizee. Tangu hapo akawa anamwita Abee.

Msije mkamchukia Ronny, si mtu mbaya. Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea miguu yote miwili, lakini bando la Mbeyu lilipokata katikati ya kazi ni yeye aliyemtumia jingine. Na ni yeye aliyemwambia siku moja, "Abee, washa kamera, na useme ni wewe umefanya. Hapa kama hawakuoni, haupo." Mbeyu akacheka tu. Mtu aseme kwa kinywa chake, nimefanya mimi? Ajisifu kama muuza dawa ya mende? Wakubwa walipoingia mkutanoni wiki ile na kuuliza ni nani aliyezitengeneza jumbe za kliniki, Mbeyu alinyamaza, akingoja mwingine amtaje, maana ndivyo inavyopendeza. Mwishowe Jael akamtaja. Mbeyu alifurahi, akaona mambo yamekwenda kama yanavyotakiwa kwenda. Lo! Heri Jael angenyamaza siku ile, labda Mbeyu angejifunza kitu.

Sasa kubwa kuliko yote ni hili la kukaribishwa. Dorcas alilishika kuliko amri za kanisa. Ukienda kwa watu ukawakuta wanakula, wakakwambia karibu, jibu lako ni "starehe", maana yake endeleeni, msijisumbue. Wakikwambia tena karibu, unasema ahsante, nimeshiba. Wakishikilia, hapo sasa unanawa mikono. Mwenye nyumba naye anajua, na ndiyo maana hashikilii mara moja akaacha. Angeacha, yeye ndiye angekuwa mchoyo. Mbeyu akiwa mdogo walialikwa ubatizo Mtongwe. Mwenyeji akasema karibu mtoto, na mtoto akanyoosha mkono pale pale kwenye sinia la mahamri. Mamake alimfinya paja chini ya meza, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akimuuliza kama alimzaa na njaa. Hakurudia tena. Ukubwani akawa anasifiwa, ati mtoto wa Dorcas, unamkaribisha mpaka unachoka wewe.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, wiki za mwisho za intanshipu. Siku hiyo Mbeyu alikuwa amewasha kamera. Alikuwa ameihamisha meza ili nyuma yake pawe ukuta mtupu, kumridhisha Ronny. Walipomaliza habari za kazi, Jael akasema bado kuna neno moja. Akamtazama, au kama mnavyojua video hizo, akatazama mahali ambapo labda ndipo alipokuwa Mbeyu.

"Mbeyu, nimeongea na wakubwa. Ile nafasi moja, ya kusimamia Kiswahili, nataka uichukue wewe. Utaichukua?"

Aliona kila kitu kwa pamoja, mamake akipumzika, ile paspoti ikikaa kabatini mpaka iishe muda wake. Alitaka kupiga kigelegele. Na kwa furaha hiyo hiyo, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa kubwa na alitaka kulipokea vizuri, alisema lile alilofundishwa.

"Ahsante sana, dada Jael. Nashukuru mno. Lakini mie bado najifunza, na wenzangu hapa wanajua kunishinda. Wape wao kwanza."

Akainamisha macho, akangoja.

Timbwani hii, hata mtoto wa chekechea anajua kinachofuata hapo. Mwenye kutoa husema, hapana, ni wewe hasa ninayekutaka, usinikatalie. Kisha unajivuta kidogo, kisha unasema haya, kama umeniona nafaa. Mbeyu alikuwa na hilo jibu tayari ulimini. Jael akatazama pembeni, akaandika kitu. Kisha akasema, "Sawa, Mbeyu. Nashukuru umekuwa mkweli," na akawauliza wengine kama kuna anayeitaka.

"Mimi naitaka," akasema Ronny. Hivyo hivyo, bila hata kukohoa kwanza. Jael akasema watatangaza mwisho wa mwezi.

Na mnajua Mbeyu alifanya nini? Alimwonea aibu. Alimwonea kijana wa watu aibu kwa kupapia kitu kisichokuwa chake mbele ya kadamnasi, akasema moyoni maskini, hakupata wa kumfundisha.

Alitoka chumbani akamkuta mamake anachambua mbaazi. Akamweleza kwamba ametajwa, tena mbele ya wote, kwamba nafasi ni yake. Dorcas aliziacha mbaazi akamshukuru Mungu kwanza. Kisha akauliza, nawe ukasemaje? Mbeyu akasema alishukuru, akawatanguliza wenzake. Dorcas akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa.

"Umesema vyema. Watarudi."

Basi wakangoja warudi. Mbeyu akawa haiachi simu. Akienda bafuni anayo, akimwoshea mama sufuria ameiegemeza kwenye ndoo asije asisikie. Jael aliandika mara nyingi, lakini ilikuwa ni kazi tu: rekebisha hii, hii inakwenda Kipevu kwa zahanati ya wapakuzi wa bandarini, hii ifupishe. Kila ujumbe ukiingia Mbeyu alikuwa akiufungua kwa pupa, halafu anakuta ni mambo ya dawa za presha. Hakuvunjika moyo. Alijiambia Jael ni mtu mwenye shughuli, na mtu wa heshima hatoi jambo kubwa kama hilo ovyo ovyo, anatafuta wakati wake. Siku moja alianza kuandika, "Dada Jael, kuhusu ile nafasi," akayatazama maneno hayo, akaona yanafanana na mtu anayechungulia sufuria la jirani. Akayafuta. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la Mbeyu lilikuwa linaumia, ila aliyatafuna maumivu hayo kama adabu.

Mweri naye akatuma sauti kutoka Dammam. Ile nyumba inataka jibu, mdogo wangu, kuna msichana wa Malindi anaingojea. Mbeyu akamjibu asubiri kidogo, mambo yake yako mbioni kuwa mazuri.

Mwisho wa mwezi, kwenye mkutano wa asubuhi, Jael akatangaza kwamba Ronny ndiye anayebaki. Watu wakapiga makofi, wakamtumia vile vikatuni vya kucheka. Mbeyu alikuwa ameiwasha kamera, hakuwa na pa kujificha. Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma, akaandika, "Hongera sana kaka." Ronny akamjibu, "Asante Abee, nitakuwa nakusumbua kwa Kiswahili." Hakuwa na kejeli. Alikuwa anasema kweli, na ndilo lililomchoma zaidi.

Mkutano ulipokwisha alikaa pale pale mezani. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu waanze kazi, akampigia Jael yeye mwenyewe, bila kungoja kupigiwa. Alisalimia, akauliza habari za watoto, akauliza habari za baridi. Jael akajibu yote, kisha akamuuliza kulikoni. Mbeyu akasema alikuwa anataka kujua, kama si vibaya kuuliza, ni kosa gani alilofanya hata ile nafasi akanyimwa.

"Ukanyimwa?" Jael alishangaa kabisa. "Mbeyu, mimi nilikuuliza mbele ya watu wote. Wewe ulikataa."

"Sikukataa, dada. Nilikuwa nangoja uniulize tena."

"Kwani hukunisikia mara ya kwanza?" Jael akauliza taratibu.

"Nilikusikia."

"Sasa nikuulize tena kwa nini?"

Mbeyu akajaribu kueleza. Na nikwambieni, jambo ambalo umelinyonya na maziwa ni gumu kueleza kwa simu. Alianza na karibu na starehe, akaenda kwenye mahamri ya ubatizo, akajisikia mwenyewe anavyosikika, akaanza kulia. Jael hakumcheka. Alisema yeye alidhani hataki. Alidhani labda ana mipango mingine, au ameona kazi ni nzito, akamheshimu. Akamwambia kwao mtu akisema hapana amesema hapana, na mkubwa anayemshikilia binti wa watu baada ya kukataa ni mkubwa mbaya. Yeye mwenyewe aliwahi kushikiliwa hivyo kwenye kazi yake ya kwanza, na aliapa hatamfanyia mtu.

"Jina lako lilikuwa limeandikwa, Mbeyu. Nilibishana nao wakubwa kwa ajili yako. Kisha nikalifuta kwa mkono wangu, nikidhani nakutendea haki."

Mbeyu akauliza kama haiwezekani tena. Aliuliza hivyo hivyo, wazi, bila kuzunguka. Hebu ona, sasa ndipo ulimi ulipofunguka. Jael akasema Ronny ameshatia sahihi, na hawezi kumnyang'anya. Aliahidi kumsifu popote atakapoomba kazi. Na sauti yake ilikuwa inaonyesha kwamba anaumia, jambo lisilomsaidia Mbeyu hata kidogo.

Uani Dorcas alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mbeyu akachuchumaa mbele yake akamwambia yote, la Ronny, la Jael, la jina lililofutwa. Hakupunguza kitu. Alikuwa na hasira, wala sitasema hakuwa nayo. Alitaka mamake asikie kila neno, na hasa lile la watarudi. Mkono wa Dorcas ulipunguza mwendo, ukasimama.

"Hawarudi?"

"Hawarudi, mama. Kwao hawarudi. Kwao unaulizwa mara moja."

Dorcas akaangalia machicha yaliyomganda vidoleni. Alipoanza kusema hakumtazama mwanawe.

"Mwanangu, mimi nilikufundisha mambo ya chakula. Kazi sikukufundisha. Kule Kibokoni unakosikia, hawakunikaribisha. Nilibisha hodi nikaambiwa hakuna kazi hapa. Nikakaa barazani kwao. Wakanifukuza, nikarudi kesho yake, nikashika ufagio wa jirani nikawa nafagia mlangoni mwao bila kuambiwa. Nikamwomba yule bibi mwenye nyumba hadi nikamshika miguu. Alichoka nami ndipo akaniingiza ndani. Hayo ya starehe na abee nilijifunza baadaye, nikishakula."

Mbeyu hakuwahi kusikia neno hata moja katika hayo. Miaka yote alikuwa akimwona mamake kwenye nyumba ile kama mgeni aliyeandaliwa mkeka.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya. Nilitaka uyajue yale mazuri tu." Kisha akainua uso, na macho yake yalikuwa mekundu lakini yana tamaa ndani, tamaa ya mtu anayetaka kuinuka mara moja akatengeneze mambo. "Mpigie tena. Mwambie naitaka. Kama ni kwenda Nairobi kukaa mlangoni mwao, nitakwenda na wewe, nitakaa mimi."

"Ameshapewa mwenzangu, mama. Ametia sahihi."

"Basi utapata nyingine. Sasa unajua. Ukiulizwa mara ya kwanza tu, unashika. Mwambie Mweri hiyo nyumba ampe huyo wa Malindi, wewe unatafuta kazi hapa hapa."

Lakini Mbeyu alikuwa amepiga simu mbili kabla ya kutoka chumbani, na ya pili ilikuwa ya Dammam. Mweri aliuliza, vipi, utakuja? Naye akasema nakuja kabla dadake hajamaliza kuuliza.

"Nimeshamwambia ndiyo," alisema. "Tiketi wananikatia wao."

Dorcas akaitika, ehe, kama mtu aliyeambiwa bei ya sukari. Akaurudisha mkono kwenye mbuzi akaendelea kukuna, akakuna, na kifuu kilikuwa kimekwisha nyama zamani.